Kipimajoto Kilichokunywa Uji

Asubuhi ya Jumanne, kama kila asubuhi, wasichana wa kidato cha kwanza tulijipanga mbele ya bweni la shule yetu, nje kidogo ya mji wa Bariadi. Matroni wetu, Mama Mahona, alipita akiwa na vitu viwili: salamu na kipimajoto.

"Mwangaluka!"

"Mwangaluka, Matroni!"

"Mhola?"

"Mhola duhu!"

Maana yake ni salama tu. Kwetu Usukumani salamu hiyo hujibiwa hivyo hata kama nyumba yako inaungua. Shida husemwa baadaye, ukiulizwa tena.

Felisita, rafiki yangu kutoka Ngulyati, naye alijibu "mhola duhu" huku meno yakigongana. Sisi tulikuwa tumeshavua masweta. Yeye alijifunika shuka mbili. Matroni akamwekea kipimajoto kwapani, akasubiri kilie.

"Thelathini na sita nukta nne. Huna homa, mwanangu. Ni baridi ya Juni hii. Kalale, jioni nitakuangalia."

Mimi nilijua kwa nini kilisema hivyo. Wiki mbili nyuma, nikiwa nimedhamiria kukwepa kuvuna pamba kwenye shamba la shule, nilikizamisha kipimajoto hicho katika kikombe cha uji wa moto ili kinisingizie homa. Kikapiga kelele, kikazima. Kilipofufuka, kikawa kinasoma 36.4 tu. Nilikijaribu kwangu: 36.4. Kwenye chai: 36.4. Kwa kuku wa mpishi: 36.4, ingawa kuku hakutoa ushirikiano. Nikakirudisha kabatini, nikaenda kuvuna pamba kama raia mwema.

Nilimfuata Felisita kitandani. Aliwahi kuniambia mwenyewe kwamba alizaliwa na VVU, na kwamba humeza dawa zake kila siku bila kuruka. Matroni naye alijua. Wengine haikuwahusu.

"Feli, umeanza kuumwa lini?"

"Jana mchana. Natetemeka, Muzda. Nesi wa kliniki alisema nikipata homa nisingoje hata siku moja. Lakini kipimo kinasema sina."

"Na ukingoja?"

"Bakteria wanaweza kuingia kwenye damu. Hao hawabishi hodi."

Nikamgusa paji la uso. Lilikuwa kama kikaango cha chapati.

Nilijua kitakachonipata nikisema. Baba yangu, Mzee Salimu, angeacha duka lake sokoni Bariadi aje kuitikia wito wa shule, na mbele ya walimu angesema kwa upole, "Muzdalifa, mwanangu," upole ambao ni mbaya kuliko fimbo. Nikamtazama Felisita akijikunja. Nikatoka mbio.

Matroni alikuwa ameketi na chai yake.

"Matroni, kipimajoto ni kibovu. Nilikizamisha kwenye uji."

"Muzdalifa, leo mzaha wako umeamkia kwangu? Juzi uliniambia kuna nyoka chooni."

"Ndiyo, Matroni."

"Alikuwa mkanda."

"Alikuwa mkanda. Lakini hiki kizamishe kwenye chai yako uone, tafadhali!"

Akakichukua, akakizamisha. Chai ilikuwa inafuka moshi. Kipimajoto kikalia: 36.4.

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Aliacha chai palepale akakimbia, yeye ambaye hatukuwahi kumwona hata akitembea haraka. Baada ya dakika kumi tulikuwa kwenye bajaji, mimi nimempakata Felisita kichwa, Matroni akimhimiza dereva kana kwamba anaswaga ng'ombe.

Hospitalini kipimajoto kizima kilisema arobaini nukta moja. Kipimo cha malaria kikaonyesha hana.

"Afadhali!" nikashangilia.

"Usishangilie bado," alisema Daktari Athanasi. "Maana yake adui ni mwingine. Mtoto anayeishi na VVU akipata homa kali, bakteria kwenye damu ni jambo la kuwahi."

Akamtoa Felisita damu ya kupeleka maabara, waioteshe waone kama kuna bakteria. Hakungoja majibu, dawa ya mshipani ilianza saa ileile.

"Tumechelewa, daktari?" Matroni aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mmewahi. Mngengoja hadi kesho, ningekuwa na maneno mengine."

Siku ya tatu majibu yalitoka. Bakteria walikuwemo kwenye damu, na dawa aliyopewa ndiyo waliyoiogopa. Homa ikashuka. Siku ya nne Felisita alimlalamikia nesi kwamba uji hauna sukari, tukajua anapona. Mimi nilipewa adhabu yangu. Ilikuwa ndefu, nami naiheshimu kwa kutoieleza.

Baada ya wiki mbili bajaji iliingia getini. Felisita alishuka kwa miguu yake mwenyewe, akakataa kushikwa mkono. Bweni zima tulipiga vigelegele hadi kuku wa mpishi wakaruka uzio. Tulimsindikiza bwaloni kama bibi harusi, akawekewa sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kikombe cha maziwa.

Matroni akasimama mbele yetu.

"Wanangu, mkiulizwa hali na mnaumwa, semeni mnaumwa. Salamu haitibu homa. Na wewe Muzdalifa, simama. Kwa mzaha mmoja, wasichana tisini waliambiwa ni wazima wiki mbili nzima. Hilo ni kosa kubwa. Lakini ulikuja kusema ukweli huo ungali na kazi ya kufanya. Sikilizeni wote: ukweli una wakati wake. Ukisemwa mapema, unaokoa mtu. Ukisemwa baada ya mazishi, unabaki kuwa habari tu."

Nikaketi taratibu.

"Matroni," ikasikika sauti ya Felisita, "na mimi nina ukweli. Sijashiba."

Akaongezewa michembe mara tatu, na hakuna aliyethubutu kupinga.