Geti Lililotangulia Nyumba

Ndugu zangu, nyumba nitakayowasimulia ilijengwa kwa jasho la halali, wala hakuna aliyeibiwa tofali hata moja. Hata hivyo ilibaki kidogo iwe gofu. Sikilizeni ilivyokuwa.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya mapumziko, katika vyumba viwili vya kupanga. Watoto wawili wa nyumba hiyo walikuwa wakibishana taratibu ni zamu ya nani kufagia. Mama yao, mshonaji wa sare za shule, alikuwa ametandaza magazeti ya zamani sakafuni akikata mfano wa koti, maana tangu aanze kazi hajawahi kutia mkasi kwenye kitambaa cha mteja kabla ya kukata karatasi kwanza. Mumewe, fundi wa kuchomelea ambaye mtaa mzima ulimwita Chuma, alikaa mlangoni na kikombe cha chai. Nyuma ya pazia la maua lililoigawa sebule, mama yake mzazi alikuwa akisali. Bibi huyo alikuwa na dua yake moja ambayo kila mmoja pale nyumbani aliijua kwa moyo: amshukuru Mungu kwa mwana na mkwe, kisha aombe apewe chumba chenye dirisha kabla hajaitwa.

"Amina," Chuma aliitikia kutoka mlangoni. "Utalipata, Mama. Dirisha ambalo jua lenyewe litaomba ruhusa kuingia."

Kabla chai haijapoa, mwenye nyumba akabisha hodi. Hakuja kwa ubaya. Alieleza kwamba mwanawe anaoa na atahitaji vyumba vile, akawapa miezi sita wajipange. Alipoondoka, mkasi wa mama watoto ulikuwa umesimama katikati ya gazeti.

Chuma hakutetereka. Walikuwa na kiwanja walichokilipia kwa miaka tisa, na walikuwa na akiba. Siku hiyohiyo alimwita mwashi mmoja mtu mzima, mrefu na mwembamba, ambaye watu walimpachika jina la Timazi kwa sababu hata akiwa msibani huangalia kama ukuta umesimama wima. Timazi alipima kiwanja, akauliza kila mtu anataka nini, kisha akaleta makadirio kwenye karatasi mbili. Vyumba vitatu vya kulala, kimoja cha Bibi. Sebule, jiko na choo. Kila kitu kilikuwa na bei yake, kuanzia kokoto hadi bawaba, na mstari wa mwisho kabisa uliandikwa "dharura".

Hapa ndipo mkosi ulipoanzia, na ulianza kwa penseli.

Chuma alisoma karatasi zile huku anatabasamu. Alipofika kwenye milango ya chuma, grili na geti, alipiga mstari na kuandika pembeni neno moja, "bure". Alimuuliza Timazi ni fundi gani anayejiuzia mwenyewe. Vyuma vipo karakanani, mikono ipo, siku ni za Mungu. Kisha akafika kwenye dharura, akaifuta pia. Alisema kutenga fungu la balaa ni kuiita balaa kwa jina lake, na mtu mwenye imani hafanyi hivyo.

"Na mimi nina imani," mkewe alisema bila kuinua macho. "Lakini nikinunua uzi nanunua na wa ziada. Mungu hajawahi kunikasirikia kwa hilo."

Chuma alicheka, akamwambia nyumba si koti.

Basi jamaa zangu, tusimwone huyu mtu kuwa mpumbavu. Hakuwa mlevi, hakuwa mzembe, na kwa kazi ya mikono yake hakuwa na mpinzani. Watu walivuka mitaa mitatu kumletea kazi. Kilichomponza ni kitu kizuri kilichowekwa mahali pasipo pake: aliipenda kazi yake kuliko alivyoipima. Timazi alipokuwa akichimba msingi, yeye alijifungia karakanani na kuanza na geti.

Alilitengeneza kwa siku arobaini na moja. Lilikuwa la mbawa mbili, na katikati, mbawa zikikutana, lilichomoza jua lenye miale kumi na miwili, kila mwale umekunjwa kwa nyundo na kusuguliwa hadi ukawa laini kama shingo ya chupa. Alilining'iniza kwenye fremu ya majaribio mbele ya karakana, na pamoja na uzito wake wote lilifunguka kwa kidole kimoja. Wapita njia walisimama. Tajiri mmoja mwenye ghala la nafaka alisimama mara mbili, na mara ya pili akauliza bei. Chuma alimjibu, mbele ya watu, kwamba kazi hii haiuzwi, akatafute mafundi wa saizi yake.

Fundi viatu wa upande wa pili wa barabara, ambaye mdomo wake haukuwa na mshipi, alikuwa akipiga kelele kila asubuhi: "Geti hujambo? Nyumba imesemaje, itakuja lini?" Siku nyingine alimuuliza Chuma ana gari gani hilo la kupita kwenye geti pana namna ile. Aliposikia ni baiskeli, alisema sawa, itapita hata ikitembea kiubavu.

Utani ule Chuma aliufurahia. Wivu, alijiambia.

Lakini geti lile lilianza kudai. Lilidai nguzo mbili nene zenye nondo, maana nguzo za kawaida zingepinda. Nguzo zilidai msingi wake, na msingi ulikunywa saruji. Kisha Chuma akaona si vizuri jua liwe getini peke yake, akatengeneza na grili za sebule zenye jua kama lile, na ili miale itoshe, zikawa na upana wa mita mbili. Ukuta wa sebule ulikuwa umeshafika mabegani. Timazi aliubomoa, akapanua nafasi ya dirisha, akaongeza nondo juu yake. Jioni alipokuwa akinawa mikono alimwambia Chuma kwamba katika kazi yake yote hajawahi kuona grili inaamrisha ukuta.

Na wakati huohuo, wateja walikuja karakanani wakakuta fundi ana shughuli zake. Wa kwanza alisubiri, wa pili alinung'unika, wa tatu hakurudi.

Mwezi wa nne ulipoisha, kuta zilikuwa zimesimama, isipokuwa chumba cha Bibi kule nyuma, ambacho kilikuwa bado msingi mtupu. Nguzo za geti zilikuwa tayari. Fedha zilikuwa zimekwisha. Hapakuwa na ubao wa kenchi ya paa wala bati moja, na mvua zilikuwa njiani.

Walikutana wanne pale kiwanjani: Chuma, mkewe, Timazi, na Bibi ambaye alikuwa ameletwa aone nyumba, akakalishwa juu ya tofali zilizopangwa. Timazi alisema bila kuzunguka kwamba kuta zikinyeshewa msimu mzima bila paa, hatakuwa na sababu ya kuja tena. Lazima kitu kipunguzwe. Akauliza ni nini.

Chuma aliangalia nguzo zake. Akaangalia sebule yenye dirisha la mita mbili. Akasema kwa sauti ya chini, akidhani upepo unaielekeza kwa Timazi peke yake:

"Tuache kile chumba cha nyuma kwanza. Mama ataendelea kukaa sebuleni kwa muda. Amezoea."

Bibi alijifuta vumbi magotini.

"Ni kweli, mwanangu, pazia nimelizoea," alisema. "Kanitafutie tu pazia jipya. Hili la maua litaliaibisha geti lako."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, Chuma angepata la kujibu. Alitazama chini, na kwa mara ya kwanza tangu ashike nyundo alitamani mikono yake isionekane.

Waliporudi, mkewe hakumgombeza. Aliweka kitambaa pembeni, akatandaza gazeti mezani, akampa penseli ileile.

"Baba watoto, mimi mteja akija nampima yeye kwanza," alisema. "Wewe umeshona koti, sasa unatafuta mwili wa kulivaa. Na mwili huna."

"Lile geti ni la bure, Mama watoto. Halijala fedha ya nyumba."

"Basi liandikie bei. Kama angekuja mtu baki akaliagiza, ungemtoza ngapi?"

Alitaka kukataa, lakini aliona aibu kukataa hesabu. Akaandika vyuma. Akaandika vijiti vya kuchomelea, rangi, umeme. Akaandika siku arobaini na moja, na mbele ya siku hizo akaandika wateja aliowarudisha, mmoja mmoja, akiwakumbuka kwa sura. Aliongeza nguzo na saruji yake. Alipojumlisha, alirudia kujumlisha. Kisha akachukua karatasi ya Timazi akatafuta mbao za kenchi, misumari na bati. Kile alichokiita bure kilitosha paa zima, na chenji ya dari ikabaki.

Aliinamisha kichwa mezani. Mkewe aliweka mkono mgongoni mwake wakaomba pamoja. Hawakuomba muujiza. Waliomba ujasiri wa kufanya jambo ambalo wote wawili walishalijua.

Asubuhi Chuma alivaa shati la kwendea ibadani, akatembea kwa miguu hadi kwenye ghala la nafaka. Alisubiri kwenye benchi pamoja na wapakiaji. Tajiri alipomwona alitabasamu, akasema siku ile alikuwa anataka yeye, leo anataka fundi, kwa hiyo bei nayo imebadilika. Chuma akataja bei aliyoihesabu jana yake, tajiri akataja nusu yake.

Chuma aliomba radhi kwanza kwa maneno aliyomtolea hadharani, akaomba kwa dhati, bila kujitetea. Kisha akanyooka.

"Nilikukosea kwa mdomo, mzee, na kwa hilo niadhibu," alisema. "Lakini geti halijakukosea. Njoo ulifungue kwa kidole. Likikataa, lichukue kwa hiyo nusu."

Tajiri alikuja karakanani, na nusu ya mtaa ikaja nyuma yake. Alisukuma kwa kidole cha mwisho, kile kidogo. Mbawa ilienda hadi mwisho kimya, ikasimama ilipotakiwa. Akasukuma nyingine. Alitazama miale ile kumi na miwili kwa muda, akatoa bei kamili pungufu kidogo tu, na siku hiyohiyo akaagiza madirisha manane ya ghala.

Lori lilipolibeba geti, Chuma alilifunika turubai mwenyewe ili lisichubuke.

Yaliyofuata yalikwenda kwa mpango. Timazi aliandika makadirio mapya, na mara hii mstari wa dharura ulibaki. Sebule kubwa ya wageni ilifutwa. Ilikuwa na kuta tayari na dirisha lile la mita mbili, basi ikawa chumba cha Bibi. Na juu ya ule msingi mtupu wa nyuma wakainua sebule ndogo, ya kutosha watu wa nyumba na mgeni mmoja mwembamba, kama alivyosema Timazi, ambaye tangu tumjue ule ulikuwa utani wake wa kwanza. Pale kwenye nguzo mbili nene waliweka mlango wa mbao. Dharura nayo ilikuja: mbao za kwanza zilikuwa zimeliwa na wadudu. Walifungua fungu lake, wakanunua nyingine, na hakuna aliyepoteza usingizi.

Bati la mwisho lilipigiliwa siku tisa kabla ya mvua ya kwanza. Funguo za vyumba vya kupanga zilirudishwa miezi sita ikiwa bado haijaisha.

Siku ya kuhamia walikuja watu wengi, wakajazana sebuleni hadi barazani. Bibi aliingia chumbani kwake, akafungua dirisha, na lile jua la chuma likachora kivuli chake sakafuni, miale yote kumi na miwili, hadi kwenye miguu ya kitanda. Alisali dua yake, lakini ile sehemu ya kuomba aliiruka, akabaki kushukuru tu.

Fundi viatu hakuwahi kuacha nafasi ipite. Alisimama katikati ya watu, akapaza sauti:

"Mwenye nyumba, pongezi. Ila tumetembea kote hatulioni. Lile geti maarufu liko wapi?"

Watu walicheka. Chuma naye alicheka. Alisimama wima, akanyoosha kidole juu kwenye bati jipya.

"Lile pale," alisema. "Mmekaa chini yake."

Mafunzo ya hadithi hii

Ndugu yangu unayejenga au unayejiandaa kujenga, usiandike "bure" mbele ya kazi ya mikono yako. Mikono hiyo Mungu amekupa na ina thamani. Siku uliyoitumia kwako ni siku uliyoitoa mahali pengine. Iandikie bei kama ungemwandikia mtu baki, ndipo utajua nyumba yako inagharimu nini.

Jipime wewe kwanza, ndipo ukate. Tenga fungu la dharura, na usiogope kwamba utaonekana huna imani. Anayeomba mvua huandaa na ndoo.

Na ikifika siku ya kupunguza, maana hufika, angalia sana unamwelekezea nani penseli. Usianze na yule asiyepiga kelele, aliyekaa nyuma ya pazia. Anza na kile unachopenda watu wakione.

Simkatazi mtu kujivunia kazi yake. Chuma anajivunia hadi leo, na anapopita ghalani hulisukuma lile geti kwa kidole, kisha huendelea na safari yake kwenda nyumbani.