Sola Chini ya Mkorosho

Kijijini Nambunda, mtu asipolinda shamba, nyumba nzima inalala njaa. Ndiyo maana kila mwaka, mahindi yanapoanza kubeba, watu wa kijiji hicho huhamia shambani. Hubeba masufuria, mikeka, kuku na watoto. Huishi huko mpaka mavuno. Mwanamume wa nyumba hulala juu ya dungu. Dungu ni kibanda kidogo kilichosimama juu ya nguzo za miti, na aliye juu yake huona shamba lote. Nyani huja mchana. Nguruwe huja usiku. Siku hizi tembo nao wanakuja, tena kwa makundi, na tembo akiingia hakuachii hata ya mbegu.

Nassibu alilinda shamba lake kwa taa. Alikuwa na sola ndogo, betri ya gari iliyokwisha kutumika, na taa moja yenye mwanga mkali. Taa si bunduki. Haimfukuzi tembo kila mara. Lakini humwonyesha mlinzi tembo yuko wapi. Mlinzi akimwona mapema, hubaki juu, hupiga debe, huwaita majirani, huwapigia simu askari wa wanyamapori. Asipomwona, hawezi kufanya lolote.

Mwaka jana Nassibu hakumwona.

Taa yake ilikuwa na tabia ya kuzimika mapema. Kila ilipozimika alishuka chini, akatikisa waya kwenye betri. Taa iliwaka tena kidogo, naye akapanda. Alishazoea. Asubuhi moja mkewe, Mwahija, alimpelekea uji. Alimkuta chini ya dungu. Waya wa betri ulikuwa bado mkononi mwake, na nyayo za tembo zilikuwa zimezunguka pale pote. Mwahija aliangusha uji. Mpaka leo hapendi kusimulia zaidi ya hapo, na sisi tusimlazimishe.

Alikaa eda. Alipotoka eda, aliikuta sola imetupwa nyuma ya choo, imejaa matope. Hakuuliza ni nani aliyeitupa. Mama mkwe wake, Bi Sada, alikuwa akisema kila siku:

"Kile kitu kimeniulia mwanangu. Hakikai ndani ya nyumba yangu."

Msimu ukarudi. Msimu haujui kama watu wamefiwa. Yahya, mdogo wake Nassibu, aliacha kazi ya bodaboda Kilwa Masoko, akarudi nyumbani kushika nafasi ya kaka yake.

"Mama, mahindi yamebeba," alisema. "Nataka kuhamia dunguni."

"Huendi," alijibu Bi Sada.

"Tusipolinda tutakula nini?"

"Tutakula mihogo."

"Mihogo nayo iko shamba lile lile, mama."

Bi Sada alitikisa kichwa. Kisha akasema, "Nilizaa wanaume wawili, Yahya. Nimebakiwa na wewe tu. Nikikupeleka gizani kule, nitarudi na nani?"

Mwahija alikuwa kando akipepeta mchele. Wote watatu walijua kwamba shamba lisipolindwa watoto watalala njaa, na likilindwa gizani Yahya anaweza kufa.

Kesho yake Mwahija aliiosha ile sola. Aliifunga kwa khanga. Akachukua na ile betri, akapanda bodaboda hadi Nangurukuru. Alitaka kuviuza vyote viwili anunue tochi kubwa.

Kando ya barabara pale Nangurukuru kulikuwa na duka la fundi wa sola, Kidawa. Kidawa alikuwa mwanamke mwenye maneno mengi na subira kidogo.

"Nauza hivi, dada," Mwahija alisema. "Vibovu, lakini labda utapata vipuri."

"Vibovu? Nani kakwambia?"

Kidawa aliilaza sola juani. Alishika mita yake ya kupimia umeme, akagusisha nyaya, akatazama. Akapima tena. Kisha akageukia betri, akapima, akasonya.

"Betri imekufa. Hii ni ya gari, dada yangu. Betri ya gari kazi yake ni kuwasha injini, basi. Ukiinyonya usiku kucha mpaka iishe, na kesho tena, unaiua. Na haya maji mliyoongeza humu mmeyatoa wapi?"

"Kisimani."

"Maji ya kisima yana chumvi. Betri ya maji huongezwa maji ya betri tu, yanauzwa madukani." Aliipiga betri teke dogo. "Lakini sola yako ni nzima kabisa."

"Haiwezekani," Mwahija alisema. "Taa ilikuwa inazimika kila siku."

"Basi niambie, mliiweka wapi?"

"Shambani. Chini ya mkorosho."

"Chini?"

"Wezi, dada. Jirani aliibiwa yake. Tukaificha."

Kidawa alicheka, hakujua. "Sola si mzee wa kupumzishwa kivulini! Tazama hapa." Aliweka kiganja chake juu ya kona moja ya sola. "Soma mita. Unaona? Nimefunika sehemu ndogo tu, na umeme umeshuka mara moja. Tawi moja la mkorosho linatosha kuilaza njaa betri yako kutwa nzima."

Mwahija alitazama kile kiganja. Alikumbuka vizuri ni nani aliyesema sola ifichwe chini ya mkorosho. Ilikuwa sauti ya Bi Sada.

"Mume wangu alikufa kwa taa hiyo," alisema. "Ilizimika, akashuka kutikisa waya. Tembo walikuwa chini."

Kidawa aliondoa mkono wake juu ya sola. Alivuta kigoda, akamketisha Mwahija, naye akaketi.

"Pole, dada. Mungu amrehemu. Nimecheka ovyo, nisamehe." Akasogeza mita kando. "Nani analinda mwaka huu?"

"Shemeji yangu. Mama yake hataki."

"Mama yake ana haki. Kwa vitu hivi hata mimi nisingekubali. Sikiliza. Sola yenu ni ya wati kumi, na taa za namna hiyo nazo huwa za wati kumi. Jua zuri kwa siku ni kama saa tano tu, na umeme mwingine hupotea njiani. Usiku una saa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Basi mlikuwa mnakula madebe manne, mnavuna debe moja. Hata juani pasipo kivuli, sola hii isingefikisha taa alfajiri. Kwa taa yenu mnahitaji wati hamsini. Na betri ya sola, siyo ya gari, yenye akiba ya siku mbili. Mawingu hayaombi ruhusa."

"Yahya ameona sola sokoni, bei poa. Imeandikwa wati mia."

"Ukubwa wake?"

"Kama sinia."

"Sinia haliwezi kuwa na wati mia, dada. Kalamu haina haya, huandika chochote. Usinunue sola kwa kusoma mgongo wake. Itazame ukubwa, ipimwe juani mbele yako, halafu dai risiti na dhamana." Kidawa akasimama. "Nitakuja mwenyewe kuifunga. Jambo hili nisikuelekeze kwa mdomo tu."

Fedha zilizobaki za korosho ziliishia hapo. Siku ya tatu Kidawa alifika shambani na sola mpya, betri, kontrola na nyaya nene. Alimsalimu Bi Sada kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Poleni na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa," alijibu Bi Sada, lakini uso wake haukupoa. Alikaa mbali, mgongo kwa watu.

Kidawa aliuliza sola ya zamani ilielekezwa wapi. Yahya akaonyesha mashariki.

"Kaka alisema jua linatoka huku."

"Linatoka huku, halikai huku. Msimu huu jua linapita upande wa kaskazini. Huku kwetu kusini mwa ikweta sola huelekezwa kaskazini, kwa mteremko mdogo, kama bati la kibanda, ili maji ya mvua yashuke na vumbi." Akageuka. "Mama, kaskazini kwenu ni wapi? Tuseme, kibla ni upande gani?"

Bi Sada aligeuka taratibu. Alinyoosha mkono.

"Kule," alisema. "Ndiko tulikomwelekeza mwanangu."

Kidawa aliinamisha kichwa. Kisha akachukua kamba, akapima mahali pa kusimika nguzo, wazi, mbali na miti. Alitazama ule mkorosho mkubwa na matawi yake yaliyogusa karibu ardhi.

"Na huku chini nani aliwashauri?"

"Tulikubaliana wote," Mwahija alisema upesi.

"Usinisitiri, mwanangu." Bi Sada alikuwa amesimama. "Ni mimi. Nassibu aliiweka pale wazi. Mimi nikamwambia, wezi watakuja, iweke chini ya mkorosho. Akanisikiliza, kwa kuwa alikuwa mtoto msikivu." Akautazama mkorosho. "Nimeilaani sola mwaka mzima."

"Mama," alisema Kidawa, "betri ilikuwa imekufa. Sola yenyewe ilikuwa ndogo. Mlinzi alishuka gizani. Kivuli kilikuwa kosa moja tu kati ya mengi."

"Lakini hilo lilikuwa langu," alijibu Bi Sada.

Mwahija alimshika mkono. Walilia pamoja pale shambani, mama wa marehemu na mjane wake, na Yahya akageuza uso. Kulia hakukumrudisha Nassibu. Lakini baada ya hapo Bi Sada hakukaa tena mbali. Alikuja akashika nguzo wakati Yahya anashindilia udongo.

Sola ilifungwa juu ya nguzo, uso ukielekea kibla. Kwa ajili ya wezi, Kidawa aliizungushia fremu ya chuma, akazigonga nati vichwa zisifunguke. Nyuma ya sola Yahya aliandika jina la familia kwa rangi nyekundu.

"Sasa tazama, nisije nikarudia," alisema Kidawa. "Hii ni kontrola. Inakaa kati ya sola na betri. Betri ikishiba, inafunga mlango. Betri ikiwa karibu kuisha, inazima taa ili betri isife. Unaanza kuunga betri kwenye kontrola, ndipo sola, ndipo taa. Ukifungua, unaanza na taa na sola, betri mwisho. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Fyuzi hii inakaa karibu na betri. Nyaya zikigusana, inakatika yenyewe, dungu haliungui."

"Betri tuiweke chini kama zamani?" Yahya aliuliza.

"Chini hapana!" Kidawa alipaza sauti. "Iweke juu ya dungu, pembeni, ndani ya sanduku lenye matundu ipate hewa. Isiwe karibu na moto wala kichwani unapolala. Na usikie hili kuliko yote, mdogo wangu. Taa ikizimika usiku, hushuki. Washa tochi yako ndogo, piga simu, subiri kuche. Waya utauangalia asubuhi."

"Sishuki," alisema Yahya.

"Apa," alisema Bi Sada.

"Wallahi, mama, sishuki."

Ile sola ndogo haikutupwa tena. Kidawa aliwapa kifaa cha kuchajia simu, nayo ikawekwa juani kwenye makazi yao ya shambani, ili simu ya Yahya isikose chaji.

Haikupita wiki mbili, tembo walikuja. Yahya aliwaona wakiwa bado ukingoni mwa pori. Alibaki juu. Alipiga debe, majirani nao wakapiga yao kutoka kwenye madungu yao. Simu ilikuwa na chaji, akawaita askari. Tembo walikula mahindi ya upande mmoja wa shamba, wakaondoka. Safari hii hawakuua mtu.

Msimu ule walivuna pungufu, lakini walivuna. Watoto walikula. Bi Sada alijitwalia kazi ya kuifuta sola vumbi kwa kitambaa chenye maji, na kila tawi la mkorosho lililorefuka kuelekea nguzo alilikata mwenyewe kwa panga. Hakutaka kusaidiwa kazi hiyo.

Uji wa asubuhi nao alipeleka yeye. Mwahija hakuweza tena kuipita njia ile na bakuli mkononi. Bi Sada hakulisogelea dungu moja kwa moja. Alisimama mbali, kwenye mwanzo wa mahindi, akaita:

"Yahya! Taa ilizimika?"

"Haikuzimika, mama. Nimeizima mwenyewe."

Hapo ndipo miguu yake ilipokubali kutembea tena.