Mgeni Amekatiwa Njia

Anis alikanyagwa mguu katikati ya soko la Volo Volo, akageuka na ugomvi mdomoni, ugomvi ukamfia hapohapo. Aliyemkanyaga alikuwa binti aliyejitanda shuka nyekundu ya shiromani, mashavuni ana liwa iliyokauka, amekumbatia boksi la kompyuta lililomfika kidevuni.

"Samahani, kaka. Boksi limeniziba macho."

"Diski ya humo ni ndogo," alisema Anis, ambaye kula yake ilikuwa kutengeneza kompyuta za ofisi za Moroni. Alikuwa ameshasoma lebo.

"Nimekuuliza?"

"Hujaniuliza. Ndiyo maana nakwambia bure."

Binti akacheka. Jina lake Djouhara, mtu wa Mutsamudu, kisiwani Nzwani, karani wa wakala mmoja wa karafuu. Programu yao ya kazi ilikuwa kuukuu, kompyuta mpya zinaikataa. Anis akamvuta kwenye kivuli cha duka la vitambaa, akamweleza dawa: ndani ya ile mpya unaunda kompyuta nyingine isiyoshikika kwa mkono. Ya nje huitwa mwenyeji, ya ndani mgeni. Programu kuukuu inakaa kwa mgeni.

"Mgeni ndani ya nyumba ya mwenyeji," alisema Djouhara. "Kama waume wa kwetu."

"Hata wa kwetu," alijibu Anis, maana visiwani kwao kote nyumba ni ya mwanamke, mume ndiye anayehamia. Wakatazamana zaidi ya inavyofaa watu sokoni.

Djouhara akarudi kwao Nzwani, mapenzi yakahamia kwenye simu.

"Mgeni wako anauliza diski yake iweje," alisema Djouhara siku moja.

"Mpe inayokua, roho yangu. Huanza ndogo, huongezeka kadiri anavyoijaza. Ile nyingine unamtengea nafasi yote leo, hata kama hana cha kuweka."

"Wewe kila kitu polepole. Na mtandao?"

"Njia ziko tatu. Daraja: mgeni anatoka barabarani kwa jina lake, mtaa mzima unamjua. Ya pili, anatoka kwa mgongo wa mwenyeji. Ya tatu ni mwenyeji tu, hasemi na mwingine yeyote."

"Na posa nayo ina njia ngapi?"

"Posa haina kitufe, Djouhara."

"Ina mdomo."

Mdomo Anis alikuwa nao, uthubutu ndio uliomkimbia. Mwaka huo wa 2007 Nzwani ilikuwa imeigomea serikali ya Moroni kwa mara nyingine, maneno ya kujitenga yamerudi, redio za pande mbili zinatukanana. Mtu wa Ngazija kama yeye ahamie kwa mke Mutsamudu wakati kama huo? Alijiambia asubiri hali itulie. Hali haikutulia, naye hakutulia. Alifungua kompyuta za watu akaziacha wazi, akatoka, akarudi, akasahau alichorudia.

Mwaka ulipogeuka, vyombo vya kwenda Nzwani vikazuiwa, simu zikawa za kubahatisha. Mchana mmoja alirudi kutoka bandarini, alikokwenda kuuliza safari zisizokuwepo, akamkuta dada yake Touhfat mlangoni bila utani wake.

"Djouhara kapiga. Sauti ilikuwa inakatikakatika. Kasema nikwambie mgeni amemkatia njia. Sasa ni mwenyeji tu."

"Kasema hivyo?"

"Akarudia, nisikosee. Pole, kaka. Amepata mtu wa kwao."

Maneno yalikuwa yake mwenyewe Anis, na hakuyatambua! Kwa miezi alikuwa akiogopa habari hiyo. Ilipofika, hakuiuliza imetoka wapi. Djouhara alipopiga tena, aliiacha simu ilie.

"Pokea," alisema Touhfat.

"Nipokee nimpe hongera?"

Machi wanajeshi wakashuka Nzwani, utawala ulioasi ukaanguka, na baadaye vyombo vikarudi safarini. Anis akazidi kuzunguka nyumba mpaka dada yake akachoka. "Ama nenda kamuulize, ama kaa chini. Unanimalizia sakafu."

Akaenda. Alimkuta Djouhara ofisini, gauni la kijani, shiromani begani, chumba kizima kinanukia karafuu. Hakuinuka.

"Karibu, Mngazija. Simu yako ilikufa?"

"Mwenyeji hajambo?" aliuliza Anis kwa uchungu.

"Mwenyeji yupi?"

"Si ulituma salamu? Mgeni umemkatia njia, mwenyeji tu."

Djouhara akamkodolea macho, kisha akashika kiuno. "Anis! Virusi viliingia ofisi zote za mtaa huu. Yule mgeni ni mzee, hana kinga. Nikamkatia mtandao, nikamwacha na mwenyeji tu. Nilitaka ujue nimeshika somo lako! Na wewe ukaniacha nakupigia, nje bunduki zinalia?"

Anis alitamani ardhi immeze. "Nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa? Tazama hapa."

Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Mgeni alikuwa amepewa jina: ANIS. Diski yake haikuwa ya kukua. Nafasi yote ilitengwa tangu siku ya kwanza.

"Nilikwambia inayokua," alisema Anis taratibu.

"Inayokua huanza ndogo, halafu mwenyeji akijaa mambo mengine, mgeni anakosa pa kukulia. Mimi nilikutengea yote. Hata mama amemaliza kutujengea chumba cha juu, kiko kitupu, jirani wanatucheka."

Anis akavuta kiti. Akamzima mgeni, akafungua mipangilio ya mtandao.

"Na virusi?"

"Kinga nimekuja nayo." Akachagua daraja.

"Hiyo ndiyo ipi?" aliuliza Djouhara, na alikuwa anajua.

"Ya kutoka barabarani kwa jina lake. Mtaa mzima umjue."

"Sema kwa mdomo, fundi."

Anis akaiacha kompyuta, akamgeukia. "Nataka kukuoa, Djouhara. Nihamie kwako."

Djouhara akafuta macho kwa pindo la shiromani, akachukua simu, akapiga nyumbani.

"Mama," alisema, "chumba cha juu, kifagie."