Njoo Tu

Karani wa mapokezi hospitalini alibonyeza herufi moja tu, faili zima la mgonjwa likafunguka. Akafurahi. Kesho yake faili likafunguka kabla hajagusa kitu, vitufe vikawa vinazama vyenyewe, ta, ta, ta, na chumba kikanuka nywele zilizoungua.

"Dada, hebu uje uione hii kompyuta yako," karani alimnong'oneza fundi.

Fundi ndiye aliyetengeneza programu ile ya kumbukumbu za wagonjwa. Kila kitufe kikibonyezwa, amri aliyoiandika inajiendesha na kuleta faili. Sasa, amri lazima ipewe jina. Mwenzangu na mimi tungeiita Leta Faili, yakaisha. Yeye, kwa mizaha yake, aliiita Njoo. Hebu fikiria: siku nzima karani anachapa, na mashine inasema njoo, njoo, njoo, wala haisemi nani.

Siku nyingine fundi angecheka. Lakini faili lililofunguka lenyewe lilikuwa la kitindamimba wake, aliyelazwa wodi ya watoto kwa homa isiyosikia dawa, na penye nafasi ya jina la ugonjwa herufi zilikuwa zikijipanga moja moja: NIMEKUJA. NIMEMPENDA HUYU.

"Mama yangu wee!" Alichomoa waya ukutani. Kioo kikaendelea kuwaka.

Karani alimpigia simu shangazi yake, mganga. Mama yule alifika, akanusa mlangoni, akakataa kiti.

"Mmemwita nani?"

"Hatukumwita mtu, shangazi."

"Usinitanie mie. Majini hawaji hivihivi. Mliandika nini?"

"Njoo," fundi alijibu.

"Njoo nani?"

"Njoo tu."

"Lo! Basi mfukuze kwa njia ileile uliyomwitia. Ila uangalie, kabla hujabonyeza..."

Fundi hakungoja amalize. Jasho likimwingia machoni, alifuta Njoo akaandika Nenda, akabonyeza kitufe, akabonyeza tena, vitufe vikiwa vya moto na vikimng'ang'ania vidole, ile harufu ikimpanda kooni, naye akibonyeza tu huku analia, nenda, nenda, mwache mwanangu, nenda, mpaka hewa ikawa safi ghafla na vitufe vikatulia.

Karani alianza kumshukuru Mungu. Hakumaliza, nesi akaingia mbio.

"Mama, mwanao ameinuka!"

"Amepona?"

"Sikiliza kwanza. Ameng'oa dripu, anatembea kuelekea getini. Tunamwita kwa jina, hata hageuki. Walinzi wamemshika, wameshindwa. Anasema mama kamwambia aende."

Mganga alijishika kichwa. "Nilitaka kukwambia umtaje unayemfukuza. Umesema nenda tu, na faili lililo wazi ni la mtoto."

"Nikimwita arudi?"

"Atarudi. Na mwenzake pia, hata ukimtaja mtoto peke yake; wameshashikana."

"Shangazi, nakuomba, hakuna njia nyingine?"

"Mtoto akishavuka geti, hata hiyo itakuwa haipo."

Fundi aliwatazama wote watatu, mmoja mmoja, akitafuta wa kumkataza. Kila mtu akatazama chini. Akaketi, akafuta Nenda, akaandika Njoo. Alijua vizuri anachofanya, na mimi simlaumu. Mzazi anayeona alikosea, na anilaumu mimi. Akabonyeza.

Harufu ilitangulia. Kisha vikasikika vishindo vya miguu midogo kwenye korido, peku, vya haraka, na nyuma yake vingine, vizito, vya mtu asiye na haraka yoyote, na kila vilipokaribia taa ya korido ilififia, karani akaingia chini ya meza, na mganga, mtu mzima na kazi yake, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Mlango ukagongwa.

"Mama," mtoto aliita, "tuingie?"

Fundi alijifuta machozi kwa kiganja.

"Karibuni, mwanangu."