Mifuko Miwili ya Koti Jeupe

Asubuhi ile Fundi aligombana na uzi. Aliulamba, akausokota, akaulenga kwenye tundu la sindano. Ukapita pembeni. Akaulenga tena. Ukapita juu.

"Sindano za siku hizi zinatobolewa kwa uvivu," alilalamika.

"Jana ulisema taa ndiyo mbovu," mumewe alijibu kutoka jikoni, nyuma ya duka lao la ushonaji. "Juzi miwani. Kesho najua ni zamu yangu."

Mzee alikuwa anataka kukaanga mayai. Alivaa shati lake la buluu, lile ambalo mkewe alilitia viraka mwaka jana.

Fundi hakucheka. Kwa miezi mingi aliona kila kitu kama kupitia kioo chenye mvuke. Siku hizi alishona kwa kupapasa, na hakumwambia mtu. Watu wote walimwita Fundi. Bila cherehani wangemwita nani?

Kwenye droo alikuwa ameficha kichupa cha dawa ya matone. Mchuuzi aliyemuuzia aliapa kwamba inasafisha macho kama sabuni inavyosafisha sahani. Fundi alipanga kuanza kuitumia siku hiyo.

"Hodi!"

Alikuwa muuguzi wa kliniki ya macho. Alikuwa amekuja kuchukua koti lake la kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Koti lako hili hapa. Jeupe pee!"

Muuguzi aliligeuza koti mara mbili. Akamtazama Mzee, aliyesimama kwenye mlango wa jikoni, na shati lake. Akalitazama koti tena.

"Mama, mifuko hii miwili ni ya rangi moja?"

"Moja. Nyeupe."

Mzee alichungulia. "Mke wangu, mmoja ni mweupe. Huu mwingine ni wa njano, kama siagi."

Fundi alilisogeza koti hadi puani. Aliona mifuko inayofanana kama mapacha. Akaliweka koti mezani.

"Basi," alisema polepole. "Nitafunga duka."

"Kabla hujafunga duka, fungua macho nione," muuguzi alisema. Akatoa tochi ndogo, akamulika. "Nyuma ya mboni kuna ukungu wa umanjano, ndio unaokuchanganyia rangi. Nadhani ni mtoto wa jicho. Daktari atahakikisha."

"Mtoto, katika umri huu?" Mzee alishangaa. "Na mimi sina habari!"

Safari hii Fundi alicheka kidogo. "Ukungu huo umetoka wapi?"

"Mzee, nipe yai moja na glasi," muuguzi alisema.

Akalipasua yai, akaacha ute tu uingie kwenye glasi. Akaiweka glasi juu ya kitambaa chenye maua makubwa.

"Unaona maua chini ya glasi?"

"Nayaona."

"Ute huu una protini. Ndani ya jicho kuna lenzi, nayo imejaa protini za aina yake. Zimebanana, zimepangana sawasawa, kama mishono yako. Ndiyo maana mwanga unapita."

"Na zikichakaa, zinashonwa upya?"

"Hapo ndipo penye maajabu. Katikati ya lenzi, protini ulizozaliwa nazo ndizo ulizo nazo leo."

"Miaka sitini na tatu, nguo ileile!" Fundi akasogeza kiti. "Imedumuje?"

"Ina walinzi. Baadhi ya protini kazi yake ni kuzishika nyingine zinazolegea, zisigandane. Lakini umri, jua kali, sigara na kisukari huzichosha. Walinzi wakizidiwa, mabonge yanaanza."

Muuguzi aliumimina ute kwenye kikaango cha moto cha Mzee. Mara ukawa mweupe. Akaurudisha kwenye glasi, juu ya kile kitambaa.

"Jicho halichemki, mama. Huu ni mfano tu. Lakini maua sasa yako wapi?"

"Hayaonekani."

"Haya, urudishe ute uwe kama mwanzo."

Fundi alichukua kijiko. Akaugeuza ute, akaugeuza tena. Akaweka kijiko chini. Kisha akafungua droo, akakitoa kile kichupa.

"Basi na hiki hakiwezi."

"Hakiwezi. Tena kinaweza kukudhuru jicho."

"Sasa nifanyeje?"

"Upasuaji mdogo. Daktari anatia ganzi, anatoa lenzi iliyoganda, anaweka nyingine safi ya kutengenezwa. Jicho moja kwanza, lingine baadaye. Ukikaa tu, ukungu unazidi."

Fundi alifikiri. "Kumbe ni kama kubadilisha zipu."

"Zipu ndogo sana, mama."

Kesho yake Mzee alimpeleka kliniki. Daktari alipima, akakubaliana na muuguzi. Jicho la kwanza lilifanyiwa upasuaji mwezi huohuo, la pili baada ya miezi miwili.

Macho yalipopona, Fundi alipewa miwani ya kusomea. Aliketi kwenye cherehani, akalenga uzi. Ukaingia mara ya kwanza. Muuguzi alikuwa amemwachia koti; akaufumua mfuko wa njano mwenyewe, akashona mweupe.

Kisha akainua kichwa, akamwona mumewe mlangoni. Shati la buluu. Viraka vitatu, vyote vya kijani kibichi.

"Mzee! Umetembea hivyo mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Na hukuniambia?"

Mzee alijikuna shingo. "Niliogopa ungeacha kushona."

"Ungeniambia siku ileile, ningekwenda kliniki mwaka jana! Vua nikurekebishie."

Mzee akaanza kufungua vifungo. Fundi akaviangalia viraka, kimoja kimoja.

"Hapana, vaa," alisema. "Kaa hapo mlangoni. Mteja akiniambia anaona ukungu lakini anaogopa kliniki, nitamwonyesha wewe."