Glasi ya Siku ya Wadau

Mlinzi alimrukia kutoka nyuma ya mapipa.

Sindano hakugeuka. Aliinama, kiwiko kikarudi nyuma na kumwingia jamaa tumboni. Kisigino kikafuata gotini. Kisha kitako cha bastola yake, Glock, nyuma ya sikio.

Puu! Chini.

"Lala salama, kaka," alimnong'oneza. Alimfunga mikono kwa mkanda wake mwenyewe, akamvua redio, Motorola nyeusi, na kuichomeka kiunoni. Halafu akagusa kidude kilichokuwa sikioni mwake.

"Mjomba, nimefika kwenye tangi."

"Umechelewa." Mjomba hakuwa mjomba wa mtu yeyote. Alikuwa mkuu wake wa kazi ya siri.

"Nilipata mgeni."

"Mzima?"

"Ataumwa kichwa."

Mbele yake, nyuma ya ukuta wa bandia, lilisimama tangi la plastiki la buluu. Sindano alilitazama kwa kinyaa, kama mtu aliyefunua sufuria akakuta funza.

Kila mwaka, kiwanda hiki cha rangi kilifanya Siku ya Wadau. Kila mwaka, Mkurugenzi alishuka hadi kwenye bomba linalomwaga maji ya kiwanda mtoni, akakinga glasi, akanywa mbele ya umati. Makofi! Picha! Wapimaji wa maji nao waliletwa siku hiyo hiyo, wakajaza vichupa vyao kwenye bomba hilo hilo. Majibu yalitoka safi mwaka hadi mwaka.

Yangeachaje kuwa safi? Siku hiyo bomba liliunganishwa na tangi hili, lililojaa maji ya kuchemsha.

Siku zilizobaki bomba lilitapika sumu. Kulikuwa na mtu wa ng'ambo, suti ya kijivu na miwani ya Ray-Ban, aliyeitwa Mshirika. Huyo aliingiza taka za viwanda vya kwao kwa magendo, ndani ya mapipa yaliyoandikwa malighafi ya rangi. Mkurugenzi aliyapokea na kuyamwaga mtoni. Watu wa bondeni wakachota, wakapikia, wakaogeshea watoto. Na leo, baada ya glasi kunywewa, Katibu wa wizara angetia saini kibali cha meli nzima ya mapipa hayo, iliyokuwa tayari imetia nanga bandarini.

Mdogo wake Sindano aliishi bondeni. Alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza ilikuwa imetoka, ya pili ikatoka. Hii ya tatu alikuwa akiibeba kwa hofu, hata kucheka alicheka polepole.

"Geuza koki," Mjomba aliamuru. "Anywe alichopika."

Sindano alifunga koki ya tangi, akafungua ya mtaro wa taka. Maji yalitoka meupe, hayana hata harufu. Ubaya wake ndio huo. Alitema mate chini, akavua ovaroli. Ndani alikuwa amevaa sare nyeupe ya wahudumu wa sherehe.

Uwanjani, Afisa Uhusiano, dada mwenye tabasamu la kukodi, alikuwa akipanga watu kwa rangi za beji. Dhahabu kwa wenye hisa: hema lenye viyoyozi, viti vya ngozi, katoni za maji ya chupa hadi juu. Buluu kwa watu wa serikali, mifuko tayari kwa bahasha. Kijani kwa wauza malighafi, wanaochekea kila neno la bosi hata akipiga chafya. Wafanyakazi walisimama juani, fulana mpya kifuani, vikohozi vya zamani ndani yake. Nyeupe kwa majirani: turubai bila feni, karibu na vyoo.

Wadau! Mfyuu. Wote waliitwa wadau, lakini wengine walikuwa wameitwa kula na wengine walikuwa ndio mboga.

Sindano alipita na sinia. Ghafla akasimama.

Mstari wa mbele wa majirani, mdogo wake alikuwa ameketi na kitambaa kifuani: JIRANI MWEMA WA MWAKA.

"Mjomba," alinong'ona. "Mdogo wangu yuko hapa."

"Anapewa kikapu cha zawadi tu. Usimsogelee, siri yako itafichuka."

Mkurugenzi alishika kipaza sauti. Tumbo mbele, sauti ya asali. "Ndugu wadau! Kiwanda hiki ni familia. Baba hawezi kuwapa wanawe maji asiyoyanywa yeye!"

Makofi. Alikinga glasi bombani, chini ya jukwaa, ikajaa, akarudi na kuiinua juani. Kwenye meza ya heshima, Katibu alifungua kalamu.

Redio kiunoni mwa Sindano ikakoroma. Aliipeleka sikioni. Alikuwa mlinzi mwingine, kule kwenye tangi.

"Bosi, usinywe! Mwenzangu kafungwa mikono huku. Koki imegeuzwa. Hayo ni maji ya mtaro wenyewe. Usinywe!"

Mkurugenzi naye alikuwa na kidude sikioni. Glasi ilisimama karibu na mdomo. Jasho likamchuruzika shavuni.

Alichofanya baada ya hapo, Sindano hakukisahau maisha yake yote.

Mkurugenzi alitabasamu.

"Lakini mwaka huu," alisema, "heshima iende kwa jirani. Mama yetu mtarajiwa, karibu. Kunywa wewe kwanza, kwa niaba yetu sote."

Mdogo wake Sindano akapanda jukwaani, akapewa glasi.

Mungu wangu! Mwanaume mzima, mwenye binti zake, anamkabidhi mjamzito sumu anayoijua, na anatabasamu kwa ajili ya kamera. Sindano ameona wauaji wa kukodi, ameona wauza silaha. Hao angalau hawaiti watu familia.

"Sindano, tulia," Mjomba alisema.

Alitupa sinia. Alikimbia, akapanda jukwaani, akamsukuma Mkurugenzi kando na kuigandamiza ile Motorola kwenye kipaza sauti.

Mlinzi wa pili, masikini, hakuona kinachoendelea. Bosi wake hakumjibu, basi akazidi kuita. Sauti yake ikanguruma kwenye spika zote:

"Bosi, unanisikia? Usinywe! Tangi la maji safi limefungwa! Ni yale ya mapipa, bosi, yale yanayokwenda kwa watu wa bondeni! Utakufa!"

Kalamu ya Katibu ilibaki hewani.

Mshirika, aliyeketi kando ya Katibu, aliingiza mkono kotini. Kabla bastola haijatoka, Glock ilikuwa imemgusa pua.

"Jaribu," Sindano alimwambia. Hakujaribu. Miwani ilimdondoka yenyewe.

Mdogo wake hakumtazama hata kidogo. Alikuwa bado ameshika glasi. Alimsogelea Mkurugenzi, taratibu, mkono mmoja tumboni.

"Mimi wawili wameshanitoka, baba," alisema. Hakupaza sauti, lakini kipaza sauti kilimnasa. "Nikaambiwa ni mapenzi ya Mungu. Kumbe ni yako." Akamnyooshea glasi. "Baba ndiye anayeanza. Kunywa."

Mkurugenzi alirudi nyuma.

"Kunywa!" mfanyakazi mmoja alipiga kelele kutoka juani.

"Kunywa! Kunywa!" Uwanja mzima ukaitikia.

Alizidi kurudi nyuma hadi akakwaa waya, akaanguka makalio chini, mikono imefunika mdomo kama mtoto anayekataa dawa. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Katibu alifunga kalamu. Askari waliokuwa wamevaa kiraia walitoka hema la buluu na pingu.

"Meli imekamatwa," Mjomba alisema sikioni. "Umefichua siri yako."

"Nimefichua."

"Tutaongea. Ondoka hapo."

Mdogo wake alikuwa akimkodolea macho. "Dada? Si ulisema unauza bima?"

"Tutaongea," Sindano alisema. "Umekunywa?"

"Leo sijanywa." Akalia. "Leo tu, dada."

Sindano alirudisha bastola mahali pake, akaingia hema la dhahabu, wenye hisa wakampisha. Alibeba katoni ya maji ya chupa begani, nyingine kwapani.

"Samahani," Afisa Uhusiano alimzuia, tabasamu likiwa bado usoni. "Hayo ni ya wadau."

"Ndio nawapelekea," alijibu, akapita, na majirani nao wakaingia nyuma yake kubeba zilizobaki.