Diski Iliyotoka Mbale

Kilichomshtua Faridah kwanza ni kwamba diski ile haikuchoka.

Kila diski huchoka. Mtu wa kazi ya video anajua: mwanzoni inakimbia, ikishapokea mzigo mkubwa inapata joto, inapunguza mwendo, inajikokota. Faridah alikaa kwenye benchi la duka la Wamboga, katikati ya mji wa Mbale, kompyuta mapajani, akaipa harusi nzima ya Ijumaa. Kadiri alivyoipa ndivyo ilivyozidi kwenda kasi.

"Banange, jamani, hii inakula kama mtu aliyefunga," alisema Erisa, mpiga kamera wake, Msoga wa Jinja ambaye hata msibani hakuacha utani.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Diski yao ya zamani, ya sahani inayozunguka ndani, ilikuwa imeanguka kutoka kwenye boda boda jana yake, na tangu hapo ikawa inagonga tu, tak, tak, bila kufunguka. Kadi za kamera zilikuwa zimejaa. Saa nne siku ya pili ya harusi ya Mastula ingeanza.

Wamboga alikuwa na diski tatu. Ya kwanza ilikuwa ndogo mno. Ya pili iliandikwa uwezo mkubwa wa ajabu, na Faridah akaijua kwa kuipima mkononi tu: ganda tupu, ndani kimebandikwa kikadi cha simu. Ya tatu ilikuwa SSD ya kweli, nyeusi, yenye ganda la mpira, isiyo na kitu kinachozunguka ndani.

"Hiyo siyo mpya, dada," Wamboga alisema akijikuna shingo. "Mteja aliniachia, hakurudi. Ngoja Jumatatu, nakuletea ingine ndani ya boksi."

"Jumatatu bibi harusi atakuwa anamfulia mume soksi, Bwana Wamboga."

Akainunua, akafuta vilivyokuwemo, akahamishia picha zote za Ijumaa, kisha akasafisha kadi ili zipokee siku ya pili. Hakuweka nakala nyingine. Alijua ni kosa. Muda haukuwepo.

Siku hiyo ya pili Haboba Jamirah, bibi yake Mastula, aliketi mbele ya kamera akamwombea mjukuu wake dua kwa sauti yake ya kukwaruza, dakika nne. Wanubi wote wa Mbale walimjua kwa dua zake. Usiku picha hizo nazo zikaingia kwenye diski ile, kadi zikasafishwa tena. Siku ya tano baada ya harusi, akafariki.

Mastula alimpigia Faridah simu Jinja akilia.

"Dada Faridah, hatuna sauti yake popote. Hakupenda simu, hakupenda picha. Ni wewe tu uliye naye. Siku ya arobaini watoto wake wote watakuja, wa Bombo, wa Kibra, wote. Tuletee Haboba."

"Nitamleta," Faridah alisema. "Wallahi, nitamleta."

Chumba chake cha kazi kilikuwa Mpumudde, hapo Jinja, nyuma ya duka la sabuni, dirisha likitazama njia ya boda boda. Alianza kukata picha Jumatatu mchana. Akasikia pumzi.

Ilikuwa ndani ya sauti ya harusi, chini ya ngoma, chini ya vigelegele: mtu anavuta pumzi, anatoa. Alidhani ni Erisa karibu na maikrofoni. Lakini pumzi ileile ilikuwa kwenye picha za Erisa na kwenye picha zake mwenyewe, jikoni, uani, garini. Akanyamazisha sauti yote. Akaendelea kuisikia. Akachomoa waya. Diski ikabaki pale mezani, haijaunganishwa na chochote, nayo ilikuwa inavuma taratibu, diski isiyo na kitu ndani cha kuvuma, na chumba kizima kikanuka ubani uliomwagiwa maji.

Siku iliyofuata, vichwa.

"Erisa, njoo uone. Huyu shangazi alikuwa anamtazama nani?"

"Bibi harusi. Si wote wanamtazama bibi harusi?"

"Tazama sasa."

Shangazi alikuwa amegeuza uso kuelekea kwenye kamera. Waliifunga picha, wakaifungua tena. Sasa walikuwa shangazi na mumewe. Wakaifungua mara ya tatu, na safu nzima ya mbele, wanawake waliojitanda gurbaba za manjano na watoto waliobebwa, ilikuwa imegeuka, wakitazama nje ya kioo, wakitazama moja kwa moja mahali alipokaa Faridah, na midomo yao yote ikafunguka na kufungika kwa pamoja, polepole, bila sauti.

Erisa alirudi nyuma mpaka mlangoni. Hakuwa na utani.

"Mimi sikupiga hii," alinong'ona. "Faridah, nasema kweli, mimi sikupiga hii. Izime. Itupe mtoni."

"Haboba yuko humo."

"Haboba alikufa!"

"Ndiyo maana."

Maana picha ya Haboba ilikuwa nzima. Katika harusi yote, hiyo peke yake haikuwa na pumzi, haikuwa na nyuso zilizogeuka. Bibi kizee alikaa, akataja majina ya watoto wake, akamwombea mjukuu, akafunika mdomo kwa ncha ya gurbaba, mwisho. Faridah aliitazama hata akajua kila mkunjo wa kitambaa, kila mahali pa kumeza mate; aliitazama asubuhi kabla ya chai na mchana huku shati limemganda mgongoni, akiogopa kulala na akiogopa kukaa macho, na kila alipoifunga alisikia kutoka kwenye picha nyingine watu mia mbili wakijisogeza kwenye viti vyao, wakimngoja.

Siku ya thelathini na tisa alipanda basi asubuhi kwenda Mbale, diski imefungwa ndani ya kanga. Wamboga alipoiona hakunyoosha mkono kuipokea.

"Mwenyewe alikuwa nani?" Faridah alimuuliza.

"Kijana mmoja wa kuweka video kwa mtandao," Wamboga alijibu, sauti chini. "Alikuwa anapiga picha watu wakipungwa mashetani. Kule Nabuyonga, kwa mganga, Bibi Ramlah. Dada, nisamehe. Mimi ni fundi, mambo hayo sikuyafikiria."

Bibi Ramlah alikuwa mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Aliitazama kanga, akasogeza mkeka wake nyuma.

"Nilimwambia asirekodi," alisema. "Unapomtoa jini kwa mtu, anatafuta pa kuingia. Mimi humwonyesha njia ya kwenda zake. Jini huyu aliona kamera iko wazi mbele yake, akaingia. Umefuta?"

"Nilifuta kabla ya kuitumia, Bibi."

"Ulifuta picha. Yeye si picha. Leo naivunja, na vilivyomo viende naye. Usitoe hata kimoja."

"Kuna kimoja kisafi. Dua ya marehemu. Kesho ni arobaini yake, nimeapa."

Bibi Ramlah alivua miwani. "Nyumba nzima imeoza, chumba kimoja kimebaki kisafi. Hujajiuliza ni nani anakilinda?"

Faridah akaikumbatia ile kanga. Aliomba ruhusa ya kwenda chooni. Huko, kompyuta juu ya goti, alinakili dakika zile nne kwenye diski mpya aliyoinunua kwa Wamboga. Hii mpya ilikwenda polepole, ikapata joto, ikajikokota kama diski zote za duniani. Karibu alie kwa furaha.

Kisha akampa Bibi Ramlah ile nyeusi. Bibi akaiweka kwenye kinu cha kutwangia, akasoma, akatwanga. Pigo la kwanza, mbwa wa jirani wakabweka. Pigo la pili, watu mia mbili wakapiga kelele kwa sauti ndogo kama ya inzi ndani ya chupa. Pigo la tatu, kimya.

"Amekwenda?" Faridah aliuliza.

Bibi Ramlah alisikiliza kwa muda mrefu. "Humu hayumo," alisema.

Kesho yake, baada ya Alasiri, jamaa walijaa sebuleni kwa Mastula, mikeka imetandikwa, televisheni imefutwa vumbi. Haboba akatokea. Kilio kikapanda, kikashuka. Akataja watoto wake mmoja mmoja, na kila aliyetajwa akaitikia labeka. Akamwombea Mastula. Wakasema amina. Akafunika mdomo kwa ncha ya gurbaba.

Faridah akanyoosha mkono kuzima.

Haboba akaifunua gurbaba.

"Nimekaa nje siku nyingi," alisema kwa sauti ileile ya kukwaruza. "Wanangu, nje kuna baridi. Hamnikaribishi?"

Faridah alibonyeza kitufe, akakibonyeza tena, akavuta waya wa umeme ukutani, na picha haikuzimika. Akageuka kuwapigia kelele wasijibu, wasifungue midomo, huyo siye, huyo siye kabisa, lakini hakuna aliyekuwa akimsikia wala kumtazama yeye, walikuwa wanaitazama televisheni kwa nyuso zilizolowa, kwa mapenzi ya siku arobaini, na Mastula alikuwa amepiga magoti, mikono wazi.

"Karibu, Haboba," Mastula alisema. "Karibu nyumbani kwako."

"Karibu," waliitikia wote, wakubwa kwa watoto.

Haboba aliinuka kutoka kwenye kiti, akatembea, akatoka nje ya picha upande wa kushoto. Kwenye kioo kikabaki kiti kitupu.

Mastula akafuta machozi. Kisha, bila kugeuka, akasogea kidogo kwenye mkeka, kama mtu anayempisha mwingine akae.